Anayepanda Kilima Kila Mwezi: Afya ya Jamii Kisii na Nyamira

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, suala la afya ya jamii huzungumzwa mara nyingi kwa lugha ya majengo: hospitali gani imeongezewa ghorofa, zahanati gani imekwama kwenye lenta, mashine gani imenunuliwa na haijawahi kuwashwa. Mazungumzo hayo yana haki yake, kwa sababu anayehitaji kupasuliwa hawezi kupasuliwa chini ya mgomba. Lakini hayafiki penye kiini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Upande wa Kisii hiyo ni zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita ya mraba, msongamano wa mji kwa watu ambao wengi wao bado ni wakulima wa chai, ndizi, mahindi na mboga. Wala hawakai katika vijiji vilivyokusanyika. Boma zimetapakaa juu ya miteremko, kila ukoo na kilima chake, kila kijana na kipande alichogawiwa na baba yake, na vipande hivyo vinazidi kuwa vyembamba kizazi baada ya kizazi. Katika mazingira hayo, mengi yanayoamua nani ataugua na nani atapona hutokea nyumbani, kabla mtu hajafikiria kupanda bodaboda kwenda hospitalini: chemchemi inayotekwa maji, chandarua kinachotundikwa au kukunjwa na kuwekwa sandukuni, msichana wa miaka tisa ambaye shangazi zake wameanza kunong'ona juu yake, bibi anayeanza kusahau majina ya wajukuu. Hoja yangu ni kwamba afya ya Gusii, eneo la kaunti hizi mbili, itasonga mbele kwa kadiri ile ile ambayo mtu anayepanda kilima kila mwezi kubisha hodi katika nyumba hizo atakuwa amefunzwa, amelipwa kwa wakati na kupewa nafasi ya kushughulikia mambo ya kijamii pamoja na yale ya kitabibu. Ujumbe unaopelekwa bila mtu huyo husikilizwa, hukubaliwa, kisha hugeuzwa ukatumika kwa jambo jingine kabisa.

Gusii haikungoja serikali ndipo ijue kusaidiana. Kabla ya neno maendeleo kuingia barazani, palikuwa na risaga, ambapo mwenye shamba aliita majirani kwa kazi nzito ya siku moja na kuwakirimu kwa pombe na chakula, na palikuwa na egesangio, kikundi kidogo ambacho wanachama wake walilimiana kwa zamu bila mmoja kumzidi mwenzake. Chama cha kina mama cha leo, chenye daftari, faini ya kuchelewa na mkopo wa riba ndogo, kimerithi utaratibu wa egesangio kwa karibu sana. Wapo pia ababari, mafundi waliokuwa wakipasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu ili kumtuliza mtu aliyeumizwa na pigo. Madaktari wa kigeni waliandika habari zao kwa mshangao katika karne ya 20, na jambo linalopaswa kuangaliwa hapo ni kwamba mgonjwa alikuwa anamjua fundi, anajua ukoo wake, na anajua pa kumpata kidonda kikiharibika. Wamisionari Wakatoliki walipofika Nyabururu mwaka 1911 na Waadventista Nyanchwa mwaka uliofuata, walijenga juu ya desturi hiyo ya kumwamini mtu anayejulikana, na ndiyo maana hospitali kama ile ya misheni ya Tabaka zimedumu kuaminiwa. Hospitali kuu ya Kisii, ambayo leo ni ya kufundishia na rufaa, ilianza mwaka 1916 kama hospitali ya wanajeshi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Tangu mwanzo, basi, kuna njia mbili za tiba katika nyanda hizi: moja inayomngoja mgonjwa na nyingine inayomfuata.

Njia ya pili ilipata jina rasmi nchini Kenya katika miaka ya 1970. Profesa Miriam Were na wenzake walianzisha huko Kakamega majaribio ya huduma ya afya inayoendeshwa na wanajamii wenyewe, na mkutano wa Alma-Ata wa 1978 ukaipa dunia nzima azimio la afya ya msingi. Kenya ilichukua miaka mingi kuandika mkakati wake wa afya ya jamii, uliozinduliwa 2006, na hata hapo ilimtaka anayeutekeleza afanye kazi kwa kujitolea. Kwa zaidi ya muongo mmoja na nusu, wanawake na wanaume wa Marani, Borabu, Nyamache na Ekerenyo walizunguka nyumba kwa nyumba wakipata sabuni, fulana au posho ya siku ya semina. Mwaka 2023 ndipo mambo yalipobadilika kwa sheria: Septemba 25 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote na kuwakabidhi mikoba ya vifaa, na Oktoba 19 Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ikatiwa saini pamoja na nyingine tatu. Kila mhamasishaji alipangiwa takriban nyumba 100 na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu wanaoipangia bajeti huitazama kwa mbali mno. Mhamasishaji huanza mapema, kabla ya umande kukauka na wenyeji kutawanyika kwenye mashamba ya chai. Anapofika boma huanza na salamu ndefu, huuliza habari za ng'ombe na za mtoto aliye shuleni, kisha hukaa kwenye kiti cha plastiki na kufungua mkoba. Humfunga mama mzee kitambaa cha kupimia shinikizo la damu mkononi, humchoma ncha ya kidole kupima sukari, humzungushia mtoto utepe wa rangi kwenye mkono wa juu kuona kama lishe imepungua, huangalia kitabu cha kliniki kama chanjo zimefuatana. Hutazama choo, hutazama pipa la maji, huuliza nani ana kikohozi kisichoisha. Yote hayo huyaingiza kwenye simu. Halafu hushuka mtelemko na kupanda mwingine. Sensa ilikuta Kisii nyumba zaidi ya 300,000 na Nyamira kama 150,000, kwa hiyo kwa kipimo cha nyumba 100 kwa mtu mmoja, kaunti hizi mbili zinahitaji wahamasishaji wapatao 4,500. Posho yao yote kwa mwaka ni kama shilingi milioni 270, nusu yake ikiwa mzigo wa kaunti. Kwa kila nyumba, ni shilingi 50 kwa mwezi. Hapa ule msongamano unaolaumiwa kwa kila jambo unageuka kuwa faida: mhamasishaji wa Turkana hutembea nusu siku kati ya boma na boma, ilhali wa Kitutu Chache, huku Kisii, anaweza kumaliza nyumba nne au tano kabla ya saa sita mchana.

Ushahidi wa kwanza kwamba kubisha hodi kunabadilisha mambo ni malaria. Katika miaka ya 1990 nyanda za juu za Kisii na Nyamira, sawa na za Kericho na Nandi, zilikumbwa na milipuko ya malaria baada ya mvua za masika. Watu wa nyanda za juu hawajazoea ugonjwa huo kama wale wa kando ya ziwa, miili yao haina kinga, kwa hiyo mlipuko ulipokuja uliwalaza watu wazima pamoja na watoto, na wodi zikajaa wagonjwa wawili wawili kitandani. Matangazo ya redio juu ya kufyeka nyasi na kufukia madimbwi yalikuwapo muda wote. Kilichoshusha ugonjwa ni kuta zilizopuliziwa dawa nyumba hadi nyumba, vyandarua vyenye dawa vilivyogawiwa bure kuanzia katikati ya muongo wa 2000, na dawa mseto zenye atemisinini zilizochukua nafasi ya zile zilizokwisha nguvu. Mtu anaweza kusema kwamba hivyo vyote ni vitu, na kwamba vitu ndivyo vilivyofanya kazi. Kweli, lakini kila kimoja kililazimika kufika mlangoni, mtu akaruhusiwa kuingia hadi chumba cha kulala, akaeleza kwa nini kitanda kisogezwe na ukuta usipakwe udongo upya kwa miezi kadhaa. Na Wagusii hawakuhitaji kubadili wazo lolote juu ya nafsi zao ili kukubali chandarua. Malaria haikuwa na mtetezi ndani ya nyumba.

Ukeketaji una watetezi. Hapa ndipo kampeni za afya zilipopata somo gumu kuliko yote katika nyanda hizi, na sina hakika kama somo limesikilizwa vya kutosha. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2008 hadi 2009 ulikuta asilimia 96 ya wanawake Wagusii wamekeketwa, wakati wastani wa Kenya ulikuwa asilimia 27. Mwaka 2014 Wagusii walikuwa asilimia 84 na taifa 21. Kufikia 2022 taifa lilishuka hadi 15, na bado zaidi ya theluthi mbili ya wanawake Wagusii walikuwa wamepitia kisu. Takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu, maana zinahesabu wanawake wa miaka 15 hadi 49, na mwenye miaka 45 alikeketwa zamani, kabla ya sheria yoyote. Mabadiliko ya leo yataonekana katika hesabu za miaka ijayo. Lakini hata kwa uangalifu huo, pengo kati ya Gusii na Kenya nzima ni kubwa mno kwa eneo lenye shule nyingi, makanisa kila kilima na wasomi waliotapakaa duniani. Elimu haikukosekana Gusii. Sheria nayo ipo tangu 2011, ikiwa na kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000.

Kilichotokea ni hiki. Kwa miaka mingi wanaharakati walihubiri madhara ya kiafya: damu nyingi, kidonda kuoza, pepopunda, wembe mmoja kwa wasichana kumi katika zama za UKIMWI. Wazazi walisikiliza, wakaamini, wakachukua hatua. Walimwacha mkeketaji wa kijijini wakamwendea muuguzi. Utafiti wa shirika la Population Council uliochapishwa 2004 kuhusu Wagusii ulieleza mwelekeo huo kinagaubaga: wembe mpya, sindano ya ganzi, kukata kidogo, nyumbani kwa muuguzi au kliniki ya binafsi, bila nyimbo wala sherehe. Miaka kumi baadaye utafiti wa taifa ukakuta kwamba kati ya wasichana wa Kenya walio chini ya miaka 15 waliokeketwa, karibu mmoja kati ya watano alikatwa na mtu mwenye mafunzo ya kitabibu. Ujumbe wa afya ulipokewa kama ulivyotolewa. Ulisema hatari iko kwenye uchafu, basi uchafu ukaondolewa na tendo likabaki. Walioshughulikia suala hili hawakugusa yale yaliyolishikilia: heshima ya bibi mbele ya wake wenzake, hofu ya kumwoza binti ambaye mama mkwe atamwita mtoto mpaka anazeeka, masengenyo ya shuleni, na pato la muuguzi ambaye Desemba ni msimu wake. Mambo hayo ni ya kijamii, na hayatibiki kwa mhadhara wa siku moja katika ukumbi wa kanisa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mhamasishaji asiachiwe vipimo pekee. Tangu 2019 Kenya inawachanja wasichana wa miaka kumi dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Msichana wa kuchanjwa na msichana wa kukeketwa, Kisii na Nyamira, mara nyingi ni huyo huyo mmoja, na jina lake tayari limo kwenye simu ya mhamasishaji. Anayefika wiki chache kabla ya shule kufungwa mwishoni mwa mwaka, akakaa na mama, na bibi, na ikiwezekana na baba ambaye kwa desturi hujifanya hayamhusu, anaweza kufanya kazi ambayo hakuna bango la barabarani litakaloifanya. Anaweza kuwaunganisha wazazi watatu wa kilima kimoja walioamua kuacha, ili kila mmoja ajue hayuko peke yake. Sherehe mbadala za kuwaaga wasichana utotoni, zilizoanzishwa Tharaka mwaka 1996 na chama cha Maendeleo ya Wanawake pamoja na shirika la PATH na baadaye kuenezwa kwingine, zilifaulu zaidi pale wazazi walipohusishwa miezi mingi kabla. Gusii ina ugumu wake wa pekee, kwa kuwa huku wasichana hukatwa wakiwa wadogo na hawakuwa wakipelekwa kuolewa mara baada ya hapo, hivyo sherehe inayozungumzia mlango wa utu uzima haimfai sana mtoto wa miaka minane. Hiyo ni sababu nyingine ya kumtegemea mtu anayerudi kila mwezi kuliko tukio la siku moja.

Kuna jambo la pili, zito zaidi kulitaja. Mei 2008 wazee 11, wanawake wanane na wanaume watatu, walichomwa moto hadi kufa katika vijiji vya Gusii kwa kushukiwa uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa kwa namna hiyo hiyo baada ya kudaiwa kumroga mwanafunzi. Kati ya matukio hayo mawili yaliyofika magazetini, yapo mengine mengi ya mzee kufukuzwa, nyumba kubomolewa, shamba kuchukuliwa na wapwa. Sitaki kusema kwamba sababu ni moja. Ardhi inabana, na mjane mzee mwenye nusu ekari ana watu wanaomhesabia siku. Vijana hawana kazi, na kifo cha ghafla hudai mtu wa kulaumiwa. Lakini ukisoma kwa makini tuhuma zenyewe, unakuta dalili ambazo daktari angezitambua: bibi anazurura usiku, anazungumza peke yake, amekutwa amesimama nje ya boma la jirani bila kujua amefikaje, anamwita mjukuu kwa jina la marehemu. Huo ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, na katika nyumba isiyoujua, unaonekana kama mambo ya gizani. Hospitali haiwezi kuliona hilo, kwa sababu hakuna anayempeleka bibi hospitalini kwa kusahau. Anayeweza kuliona ni yule anayefika kumpima shinikizo la damu mwezi huu na mwezi ujao. Akifunzwa kuutambua ugonjwa huo na kuueleza kwa wana na wakaza wana, akaandika rufaa, akamjulisha mzee wa kijiji na chifu mapema, tayari amepunguza hatari. Na kwa kuwa serikali tangu 2018 hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa chini ya mpango wa Inua Jamii, mhamasishaji huyo huyo angeweza kufuatilia kama fedha zinamfikia bibi au zinaishia kwa mtu mwingine. Mikoba iliyogawiwa 2023 ina vifaa vya kupima mwili. Akili za wazee zimebaki bila kipimo, na katika nyanda hizi upungufu huo unagharimu maisha.

Wengine wametangulia katika njia hii, na wanaokaribiana na Wagusii kwa hali zao ni watu wa visiwa vya Karibi, wakulima wa milimani wenye vipande vidogo na historia ndefu ya kupuuzwa. Jamaika ilianza kuwafunza wasaidizi wa afya ya jamii katika miaka ya 1960 kupitia Chuo Kikuu cha West Indies, kisha ikawaingiza katika utumishi wa serikali. Haiti, nchi maskini kuliko zote za eneo hilo, ilitoa ushahidi ulio wazi kabisa: huko Cange, mwishoni mwa miaka ya 1980, daktari Paul Farmer na wenzake wa shirika la Zanmi Lasante waliwapa wagonjwa wote wa kifua kikuu dawa za bure, lakini kundi moja likaongezewa mtu wa kijijini wa kuwatembelea na msaada mdogo wa chakula na nauli. Waliotembelewa walipona karibu wote, na waliopewa dawa peke yake walipona kwa kiwango cha chini sana. Waliokuwa wakiwatembelea walilipwa. Kuba nayo, tangu 1984, imeweka daktari na muuguzi wa familia katikati ya mtaa, wakiishi hapo hapo na kuzijua nyumba wanazozihudumia. Kenya ilipoamua kujifunza kwa Kuba, mwaka 2018 ilileta madaktari wapatao 100, wakiwamo mabingwa wa hospitali, wakagawanywa kwenye kaunti, na mpango ukafungwa 2023. Tuliazima kutoka Kuba kile kilichokuwa ghali na cha muda, tukaacha kile ambacho hata nchi isiyo na fedha inaweza kukidumisha.

Pingamizi la kwanza kwa yote haya ni la fedha, nalo huja na sauti ya busara: kaunti zinadaiwa, mishahara ya madaktari na wauguzi huchelewa, migomo haiishi, na sasa waongezwe watu 4,500. Hesabu niliyotoa juu inalijibu kwa sehemu. Shilingi milioni 135 kwa mwaka, zikigawanywa kati ya kaunti mbili, si kitu kikubwa mbele ya bajeti za mabilioni, wala mbele ya miradi ya majengo ambayo Gusii imeisubiri hadi ikachoka. Kituo cha saratani cha Kisii, kilichopangwa kujengwa kwa mkopo wa benki ya BADEA na mfuko wa maendeleo wa Saudi Arabia, kimecheleweshwa kwa miaka, na wagonjwa wameendelea kusafiri hadi Eldoret na Nairobi. Sisemi kisijengwe. Nasema kwamba mwanamke aliyegunduliwa mapema kwa sababu mhamasishaji alimshawishi aende kupimwa mlango wa kizazi katika kituo cha karibu huenda asihitaji kamwe kitanda katika kituo hicho.

La pili ni kwamba malipo yanaua moyo wa kujitolea, moyo ule ule wa egesangio niliousifu. Nalipa uzito pingamizi hili, kwa kuwa watu wengi wema wanaliamini. Lakini egesangio haikuwa kazi ya bure. Aliyelima leo alilimiwa kesho, na asiyerudisha zamu alitolewa. Mama anayeacha chai yake bila kuchumwa ili azunguke kwenye nyumba za wengine mara kadhaa kwa wiki, kwa miaka mingi, bila zamu yake kufika, amedhulumiwa kwa kipimo cha desturi yenyewe. Wanaoitaja desturi ili wasimlipe hawaijui.

La tatu ndilo lililo gumu. Jirani anajua mno. Katika kilima cha watu wa ukoo mmoja, nani atamweleza mke wa binamu yake kwamba anatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI? Na mhamasishaji mwenyewe atawezaje kumripoti mama mkwe wake aliyepanga kumkeketa mjukuu, wakati sheria ya 2011 inafanya kosa kunyamaza? Sina jibu kamili hapa, ila naona njia mbili za kupunguza ugumu. Mambo ya siri kama virusi yaendelee kushughulikiwa kituoni, na mhamasishaji ajue tu kwamba fulani ana siku ya kliniki. Na katika ukeketaji na tuhuma za uchawi, taarifa iandikwe na afisa wa afya ya jamii anayewasimamia, mtu mwenye mshahara na asiyetoka kilima hicho, ili lawama zisimwangukie jirani. Bila ngao hiyo tutakuwa tunamtaka mwanamke mmoja avunje undugu wake kwa shilingi 5,000.

Pingamizi la nne, kwamba ni upuuzi kumpeleka mgonjwa kituoni ambako hakuna dawa, ni la kweli tupu, na wahamasishaji ndio wa kwanza kulisema. Rufaa tatu za bure zikiishia kwa karatasi ya kwenda kununua duka la dawa, ya nne hakuna atakayeifuata. Hapo ndipo SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya bima ya taifa ya NHIF Oktoba 1, 2024, inapopaswa kupimwa. Huduma za zahanati na vituo vya afya zimewekwa chini ya Mfuko wa Huduma ya Afya ya Msingi, bila mwananchi kulipa, na za hospitali chini ya bima inayodai asilimia 2.75 ya pato, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Wengi wamesajiliwa, mara nyingi na mhamasishaji huyo huyo akiwa ameshika simu yake uani. Wanaochangia ni wachache, kwa kuwa asiye na ajira ya mshahara alitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, na hata mpango wa mkopo uliokuja baadaye haujaifuata kalenda ya mkulima. Mkulima wa chai wa Kebirigo, Sanganyi au Kiamokama hupata bonasi yake karibu na Oktoba. Muuza ndizi wa Keroka ana siku za soko. Chama kina siku ya kugawana mwishoni mwa mwaka. Vyama vya Gusii vimekuwa vikichangia matanga na karo kwa nidhamu ambayo hakuna bima ya serikali imeifikia, na vingeweza kukusanya mchango wa wanachama wote na kuulipa mara moja, kama vitakubaliwa kuwa walipaji halali na kupewa stakabadhi ya kila jina. Mhamasishaji ambaye pia ni katibu wa chama ndiye kiungo kinachofaa kutumiwa hapo.

Wanaosema Gusii ina ukaidi wa mila wanasahau jinsi watu hawa walivyobadilika kila walipopata sababu na mtu wa kuwasindikiza. Watafiti Robert na Sarah LeVine, walioishi na kuchunguza malezi ya Wagusii, wa kwanza tangu miaka ya 1950, walikuta jamii ambayo mama alizaa watoto wanane, tisa, kumi, na ikaonekana kwamba hilo halitaguswa. Mwaka 2014 wastani Kisii na Nyamira ulikuwa chini ya wanne. Hakuna aliyewalazimisha. Ardhi iliwafundisha, shule ikawafundisha, na huduma za uzazi wa mpango zikafika hadi vilimani.

Sheria inazitaka serikali za kaunti zipeleke makadirio ya bajeti bungeni mwao kufikia Aprili 30 kila mwaka, baada ya kusikiliza maoni ya wananchi. Vikao hivyo vya maoni huhudhuriwa na watu wachache, na wanaosimama huomba barabara na taa za mulika mwizi. Wanachama wa vyama, wachungaji, wazee wa vijiji na wakulima wanaosoma haya, hudhurieni safari hii, na ombeni mambo matatu kwa majina yake: fungu la posho ya wahamasishaji lililotengwa peke yake na kulipwa kila mwezi, mafunzo ya magonjwa ya akili ya wazee, na afisa msimamizi wa kutosha kwa kila wadi.